Nani Mwenye Shamba? Tujikosoe Katika Kazi ya Kumkomboa Mwanamke

Kila ninapofundisha somo la ukombozi wa mwanamke huanza kwa zoezi dogo. Nawaomba makada, wanaume kwa wanawake, waandike kwenye karatasi kazi zote zilizofanyika katika shamba la nyumbani kwao msimu uliopita: kulima, kupanda, kupalilia, kuvuna, kubeba, kukausha, kupukuchua. Mbele ya kila kazi waandike jina la aliyeifanya. Kisha nawaomba waandike mstari mmoja wa mwisho: shamba lenyewe ni la nani? Katika mistari ya juu jina la mama hurudiwa mpaka mkono unachoka. Katika mstari wa mwisho jina hilo halipo. Darasa hukaa kimya, halafu hujitokeza ndugu mmoja akasema: "Lakini mwalimu, hiyo ndiyo mila yetu."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Halikutoka kwa mpinzani wa siasa yetu. Limetoka kwa kada, mtu aliyekula kiapo cha kuamini kwamba binadamu wote ni sawa. Kama kada anaweza kuliona jasho la mama yake kwa mistari kumi, na bado asione dhuluma katika mstari wa kumi na moja, basi kosa si lake peke yake. Ni kosa la namna tunavyolifundisha jambo hili, tunavyolipangia mipango, na tunavyojipongeza.

Hoja yangu ni moja. Serikali zinazoongozwa na Chama chetu zimefanya mengi kwa ajili ya usalama, usawa na hali ya kiuchumi ya mwanamke, na ni haki kuyataja. Lakini tumezoea kuyagawa mambo hayo matatu mafungu mafungu: usalama tumewaachia polisi, usawa tumewaachia wanasheria, na uchumi tumeuachia mkopo. Kwa kufanya hivyo tumelikwepa swali linaloyaunganisha yote, yaani swali la nani anamiliki ardhi na mazao yake. Nazungumzia zaidi Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina sheria zake za ndoa na za ardhi.

MSINGI WA CHAMA

Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikumung'unya maneno. Lilipopima nani anafanya kazi na nani anapumzika katika nchi hii, lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini ndio wachapakazi kuliko watu wote, na kwamba baadhi yao hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, bila kupumzika Jumapili wala sikukuu. Lilisema vile vile kwamba wanaume wa vijijini, pamoja na baadhi ya wanawake wa mijini, wako likizo nusu ya maisha yao. Miezi michache baadaye, katika Ujamaa Vijijini, Mwalimu Nyerere alieleza misingi ya maisha ya jadi ambayo tulitaka kuijenga upya, lakini hakuipamba. Alitaja kasoro mbili kubwa za jamii ile: umaskini, na unyonge wa mwanamke.

Tuyatafakari maneno hayo. Chama hakikusema kwamba wanawake ni watu wa kuonewa huruma. Kilisema kwamba wanafanya kazi kupita kiasi na kwamba nafasi yao ni ya chini. Mtu anayefanya kazi saa 14, kisha matunda ya kazi yake yakatawaliwa na mtu mwingine, huyo ananyonywa. Tumezoea kumtafuta mnyonyaji katika jumba la bepari na katika shamba la kabaila. Azimio lilitufundisha kwamba mrija unaweza kuwa ndani ya nyumba yetu wenyewe, na kwamba anayenyonya anaweza naye kuwa mkulima maskini anayenyonywa na mfanyabiashara.

Hata historia ya Chama inatudai. Mwaka 1955, TANU ilipokuwa changa, Bibi Titi Mohamed ndiye aliyekiongoza kitengo cha wanawake na kukusanya maelfu ya wanachama, wengi wao kutoka vikundi vya ngoma na akina mama wafanyabiashara ndogo ndogo wa Dar es Salaam. Mwaka 1962 ukaundwa Umoja wa Wanawake. Wanawake hawakuletewa uhuru, walishiriki kuuleta. Kwa hiyo tunapozungumzia haki zao tusijifanye wafadhili. Tunalipa deni.

YALIYOTENDEKA

Anayekosoa bila kutaja yaliyofanyika anabomoa. Basi tuyataje.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyotanguliwa na mapendekezo ya Serikali ya mwaka 1969, ilikuwa sheria ya mapinduzi kwa wakati wake. Iliziweka ndoa za dini zote na za mila chini ya sheria moja. Ilimpa mwanamke aliyeolewa haki sawa na ya mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Ilisema kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpiga mwenzake kwa kumwadabisha. Ilizuia nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Katika shauri maarufu lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, majaji walitamka kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Hapo ndipo kupika, kufua na kulea kulipoanza kuhesabiwa kuwa kazi mbele ya sheria.

Mwaka 1998 ikapitishwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyoweka adhabu kali za ubakaji na kukataza kuwakeketa wasichana wa chini ya miaka 18. Mwaka 1999 zikaja Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Hii ya pili inasema kwamba kanuni yoyote ya mila inayomnyima mwanamke haki halali ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili, na kwamba katika Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe 7, wanawake wasipungue 3. Katiba inataka wabunge wanawake wa viti maalum wasipungue asilimia 30 ya wabunge. Novemba 2021 Serikali ilifungua mlango wa shule kwa wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito. Mwaka huo huo, mwezi Machi, mwanamke alishika madaraka ya Urais kwa mara ya kwanza.

Mabadiliko yanaonekana pia katika hesabu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha kwamba wanawake 40 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikwisha kupigwa au kufanyiwa ukatili wa mwili. Utafiti wa 2022 ulionyesha 27. Wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokwisha kuzaa au waliokuwa wajawazito walishuka kutoka 27 hadi 22 katika kila 100. Hayo ni maendeleo, na anayeyabeza anawabeza wauguzi, walimu, askari na akina mama wenyewe waliofanya kazi hiyo. Lakini kada hasomi hesabu kwa kushangilia tu. Mwanamke mmoja katika kila wanne ni watu wengi mno. Lazima tuulize kwa nini kazi ni kubwa kiasi hiki na mwendo ni mdogo kiasi hiki.

UKINZANI WA KWANZA: SHERIA MBILI JUU YA SHAMBA MOJA

Tuchukue mfano wa mama mkulima wa kahawa. Yeye ndiye anayepalilia, anayechuma na anayekausha. Kahawa inapopelekwa kwenye chama cha msingi cha ushirika, mwanachama aliyeandikwa katika daftari ni mume, kwa sababu shamba linahesabiwa kuwa la mume. Malipo yanaingia katika akaunti ya mume. Mama anapewa kitenge na fedha ya chumvi. Siku mume akifariki, ndugu wa ukoo wanakaa kikao na kumwambia kwamba shamba ni la ukoo, kwamba yeye alikuja tu kuolewa, na kwamba watoto wake watamtunza.

Je, kikao hicho kinavunja sheria? Hapa ndipo penye aibu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatamka usawa. Lakini kanuni za sheria ya mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 zilisema kwamba mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Binti naye aliwekwa katika daraja la mwisho la warithi. Ukoo wa mume unaoujua vizuri mwaka 1963 hauna haja ya kuusoma mwaka 1999.

Zipo juhudi za kuukata mzizi huu mahakamani. Mwaka 1990, huko Mwanza, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba mila ya Kihaya iliyomkataza mwanamke kuuza shamba la ukoo alilorithi inapingana na Katiba. Ilikuwa hukumu ya ujasiri. Lakini mwaka 2006 Mahakama Kuu, katika shauri la wajane wawili wa Shinyanga waliokuwa mafundi cherehani, ilikubali kwamba kanuni za urithi za mila zinabagua, kisha ikakataa kuzifuta kwa hofu kwamba kufanya hivyo kungefungua mlango wa kupinga kila mila. Rufani yao ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya utaratibu. Wajane hao walilazimika kwenda mpaka kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema kwamba haki zao zimekiukwa na kuitaka Tanzania ibadili sheria hizo. Mjane wa nchi iliyoandika Azimio la Arusha hakupaswa kuitafuta haki yake nje ya mipaka ya nchi.

Tusisahau na sehemu yetu wenyewe. Wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, tulipowahamisha wananchi na kugawa upya viwanja na mashamba, tuligawa kwa mkuu wa kaya, na mkuu wa kaya kwa kawaida alikuwa mwanamume. Wakati ule tulikuwa na nafasi ya pekee ya kuandika majina mawili katika kila daftari la kijiji. Hatukuitumia. Tulibadilisha mahali watu wanapoishi, tukaacha uhusiano wa ndani ya nyumba kama ulivyokuwa.

UKINZANI WA PILI: MTOTO KATIKA SHERIA MOJA, MKE KATIKA NYINGINE

Sheria ile ile ya 1971 tuliyoisifu iliweka umri wa kuoa wa mwanamume kuwa miaka 18, na wa kuolewa wa msichana kuwa miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama iliweza hata kuruhusu ndoa ya mwenye miaka 14. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 ilisema kwamba kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji, hata akiridhia, isipokuwa kama ni mke wa mtu huyo na ametimiza miaka 15. Maana yake ni kwamba mambo yale yale, kwa mtoto yule yule, yaligeuka kutoka kosa la miaka 30 gerezani na kuwa halali, kwa sababu tu baba alipokea mahari. Mwaka 2016 tukarekebisha Sheria ya Elimu na kuweka kifungo cha miaka 30 kwa anayeoa au kumpa mimba mwanafunzi. Ulinzi huo ulikuwa mzuri, lakini ulimfunika msichana aliye shuleni. Aliyeacha shule kwa umaskini, yaani yule aliyehitaji ulinzi zaidi, akabaki nje ya mwavuli.

Julai 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu hivyo vya umri wa ndoa vinapingana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufani. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi wa Mahakama Kuu. Hata hivyo miaka mingine mitano ilipita, na mwaka 2024 bado tulikuwa tunakusanya maoni.

Kukusanya maoni ni desturi nzuri ya Chama chetu. Lakini yapo mambo ambayo Chama hakisubiri mpaka kila mtu akubali. Mwaka 1967 hatukukusanya maoni ya wenye mabenki kabla ya kuyataifisha. Chama cha mapinduzi kipo ili kiongoze fikra, si ili kihesabu ni wangapi bado wamelala. Na katika jambo hili wanaodai kucheleweshwa kwa heshima ya mila ni wanaume wazima, hali anayelipia ucheleweshaji ni mtoto wa miaka 15.

UKINZANI WA TATU: MKOPO MIKONONI MWA ASIYE NA DHAMANA

Upande wa fedha tumejaribu njia nyingi. Tulikuwa na Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake tangu miaka ya 1990. Mwaka 2009 tukafungua Benki ya Wanawake. Haikudumu: mwaka 2018 iliunganishwa na Benki ya Posta. Mwaka huo huo wa 2018 sheria ya fedha za Serikali za Mitaa ilirekebishwa, na kila halmashauri ikatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kimsingi huu ni mpango wa kijamaa. Fedha ya umma inarudi kwa wanyonge bila riba.

Lakini Aprili 2023 Serikali ililazimika kuisimamisha mikopo hiyo, baada ya ukaguzi kufichua fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa. Ilirejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, ambao katika baadhi ya halmashauri ulipitishia fedha kwenye mabenki. Tujifunze nini? Wako wanaosema tatizo lilikuwa udhaifu wa watumishi, na hilo ni kweli. Lakini kuna jambo la ndani zaidi. Tulipima mafanikio kwa idadi ya vikundi vilivyopewa, na kila aliyeandika taarifa alijua kwamba namba kubwa ndiyo itakayosomwa kwenye mkutano. Palipo na kiu ya namba, kikundi hewa huzaliwa. Hatukuuliza: kikundi kilifanya nini, faida ilikwenda wapi, na nani nyumbani aliamua matumizi yake?

Mama asiye na shamba wala hati hupokea mkopo kwa jina lake, lakini hutumia kwa shida za nyumba nzima. Ada ya mtoto, dawa ya mkwe, hata deni la mume huingia humo. Mapato yakipatikana ni ya familia. Deni likibaki ni lake. Na fedha ya halmashauri isipofika, au ikifika mara moja kwa miaka mitatu, anakimbilia mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la "kausha damu": fedha ya haraka, marejesho ya kila siku au kila wiki, riba isiyoelezeka, na siku ya kushindwa linachukuliwa godoro, sufuria na televisheni mbele ya majirani. Wananchi hawakukosea kuchagua jina hilo. Linasema kwa maneno mawili kile ambacho sisi wakufunzi tunakieleza kwa kurasa ishirini tunapofundisha unyonyaji.

Sisemi mikopo iachwe. Nasema mkopo bila umiliki ni sawa na kumkabidhi mtu jembe bila shamba, kisha kumdai mavuno.

USALAMA NI SUALA LA UCHUMI

Polisi wamefungua madawati ya jinsia na watoto katika vituo vingi nchini, na Mpango Kazi wa Taifa wa kutokomeza ukatili, MTAKUWWA, wa 2017/18 hadi 2021/22, uliweka lengo la kupunguza ukatili kwa nusu. Madawati yameokoa watu. Lakini tufuatilie safari ya mama anayepigwa. Anafika dawati, anasikilizwa na askari mwenye mafunzo, anapewa fomu ya PF3 na kwenda kutibiwa. Shauri linafunguliwa. Baada ya siku tatu wanakuja mashemeji, shangazi na pengine hata kiongozi wa shina, wanasema: mkimfunga huyu watoto watakula nini? Na nyumba hii utaishi kwa nani? Mama anarudi kituoni kuomba shauri lifutwe. Askari anakasirika kwamba wanawake hawana msimamo.

Mama huyo ana msimamo. Kisichokuwepo ni mahali pa kusimama. Angekuwa na jina lake kwenye hati ya shamba na kwenye daftari la ushirika, swali la mashemeji lingekosa makali. Ndiyo maana nasema tusiyatenganishe mambo haya matatu. Mwanamke asiye na mali hana usalama, na asiye na usalama hawezi kuudai usawa, hata kama sheria imeandikwa kwa wino wa dhahabu.

Vivyo hivyo kazi za nyumbani. Miradi ya maji ya kumtua mama ndoo kichwani, na mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 kwa lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034, ni juhudi za kuungwa mkono bila kusita. Bomba karibu na nyumba linaokoa saa nyingi. Lakini saa zilizookolewa ni za nani? Kama zinahamishiwa kwenye shamba la mume, tumepunguza mzigo wa kichwani na kuongeza wa mgongoni.

MAWAZO POTOFU MATATU

Ndani ya Chama kuna mawazo matatu yanayotuzuia.

La kwanza ni la wale wanaosema tujenge uchumi kwanza, mambo ya wanawake yatajipa yenyewe. Uchumi unaojengwa juu ya kazi isiyolipwa ya nusu ya wananchi hauwezi kuwa wa usawa kesho kwa sababu tu umekuwa mkubwa. Dhuluma haikui na kuwa haki.

La pili ni la wale wanaoligeuza jambo hili kuwa ugomvi wa wanawake na wanaume, na kuhesabu ushindi kwa idadi ya wanawake waliopata vyeo. Uongozi wa mwanamke ni haki yake. Lakini bosi mwanamke anayemlipa msichana wake wa kazi ujira wa kijungujiko, na kumnyima siku ya kupumzika, hajamkomboa mwanamke yeyote zaidi ya nafsi yake. Azimio liliwataja wanawake wa mijini walio likizo bila kuwaonea haya. Tusiwe waoga kuliko wazee wetu.

La tatu ndilo lililoenea zaidi, nalo ni wazo la sherehe. Kila tarehe 8 Machi tunashona vitenge vya sare, tunaandamana, tunagawa mitungi ya gesi na kanga, tunapiga picha. Siku ya pili tunarudi kwenye daftari lile lile la kijiji lenye majina yale yale. Zawadi haikosolewi kwa kuwa ni zawadi. Inakosolewa inapochukua nafasi ya haki. Anayepewa kanga anashukuru. Anayepewa hati anahoji. Pengine ndiyo sababu baadhi yetu tunaona wepesi kugawa kanga.

KAZI YA KADA

Kukosoa bila kuonyesha kazi ni porojo. Naona kazi nne zinazoweza kuanza katika ngazi ya shina na tawi bila kusubiri waraka.

Kwanza, daftari la ardhi la kijiji lisomwe hadharani. Sheria ya 1999 inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila kutolewa kwa majina ya mume na mke. Kila tawi lijue katika kijiji chake ni hati ngapi zina majina mawili, ngapi zina jina la mwanamke peke yake, na ngapi zina jina la mwanamume tu. Namba hiyo ndiyo isomwe kwenye mkutano mkuu wa tawi, kabla ya namba ya mikopo.

Pili, vyama vya msingi vya ushirika viwaandikishe uanachama wote wanaolima, si mwenye shamba tu. Malipo ya mazao yaingie katika akaunti ambayo mke naye ana sauti juu yake. Ushirika unaomlipa asiyepalilia na kumwacha anayepalilia haustahili jina hilo.

Tatu, wabunge na madiwani wa Chama waulizwe na wanachama, kwa adabu lakini bila kuchoka, juu ya kazi ya kuzifuta kanuni za urithi za 1963 na vifungu vya umri wa ndoa vya 1971, na kuhakikisha kwamba ulinzi wa mtoto haukomi pale mahari inapotolewa. Mahakama zimekwisha kusema. Anayepaswa kumaliza kazi ni mwanasiasa, na mwanasiasa huyo ni wetu.

Nne, ambayo ni ngumu kuliko zote, tuanze na nyumba zetu. Masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha yalimhesabu kiongozi na mwenzi wake kuwa mtu mmoja, ili kiongozi asifiche mirija yake kwa jina la mkewe. Masharti hayo yalilegezwa huko Zanzibar mwaka 1991, na hapa si mahali pa kuufufua mjadala huo. Nataka tu tukumbuke kwamba tuliweza kumhesabu mke kuwa mshirika wa mumewe tulipotaka kuzuia mali. Kwa nini tunashindwa kumhesabu kuwa mshirika tunapoandikisha mali? Kada anayesimama jukwaani kuzungumzia usawa, na shamba lake, kiwanja chake na nyumba yake vyote viko kwa jina lake peke yake, anafundisha mambo mawili kwa wakati mmoja, na wanafunzi wake watashika lile wanaloliona.

Ndugu aliyenijibu darasani kwamba hiyo ndiyo mila yetu sikumkemea. Nilimwuliza kama mila hiyo ilitungwa na mama yake au juu ya mama yake. Alifikiri kwa muda, kisha akaniomba karatasi nyingine. Sijui aliandika nini, wala sikuitaka hiyo karatasi. Lakini kila tawi la Chama lina karatasi kama hiyo ya kuandikwa upya, nayo ni daftari la ardhi la kijiji. Tulifungue.